Uenyekiti kwa Kukokota Visanduku

Jumatatu, 5 Agosti

Kikao cha chama chetu cha wafuga ndege jana, nyumbani kwa shemeji Kuncoro. Yeye ni kaka wa mke wangu Warsini. Yeye ndiye mwenyekiti. Yeye ndiye mwenye ndege anayeimba mpaka waamuzi wanasahau kuandika alama. Mimi ni katibu. Miaka tisa katibu! Miaka tisa nawazungushia watu chai ya tangawizi kwenye mashindano ya ndege, yeye kakaa kwenye kiti chenye feni. Mji mzima wa Klaten unamwita Bwana Mwenyekiti. Mimi wananiita "wewe wa chai".

Ajenda ya nne: chama kiwe na tovuti. Ratiba, matokeo, kumbukumbu ya wanachama waliofariki. Nani ataitengeneza? Nikanyoosha mkono. Kuncoro akacheka. "Shemeji, wewe hata rimoti ya televisheni mpaka umwite dada yangu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wacheke. Uchaguzi ni Jumapili ya tarehe 18. Mwenye tovuti ndiye mwenye chama. Hawalijui hilo.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeipata programu, ipo mtandaoni. Huhitaji kujua lolote! Unashika kisanduku kwa kipanya, unakikokota, unakiachia. Kisanduku cha picha, cha maneno, cha kitufe. Basi.

Kwanza unachagua muundo uliokwisha kutengenezwa. Upo wa mgahawa, wa kinyozi, wa daktari wa meno, wa harusi. Wa chama cha ndege hakuna. Nimechukua wa harusi. Una njiwa wawili. Njiwa ni ndege.

Nikakikokota kichwa cha habari kisogee kulia kidogo. Kikashuka chini. Nikakirudisha. Kikaja na picha ya keki. Nikaivuta keki. Ukurasa mzima ukawa wa waridi. Nilianza saa mbili asubuhi. Kufika saa sita kichwa cha habari kimesogea kulia, upana wa vidole viwili. Ushindi!

Warsini akaniarifu kwamba katika muda huo amefua, amekaanga tempe ya soya, amewalisha ndege panzi, na ameenda sokoni akarudi. Nikamwambia kazi ya akili haina pupa.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo mbinu. Ukurasa nimeugawa safu mbili.

Safu ya kushoto: mambo ya chama. Juu kabisa picha ya mwenyekiti, kwa heshima zote, ukubwa wa mbu. Halafu ratiba. Halafu matokeo. Mwisho kabisa, "Waliotutangulia Mbele ya Haki", marehemu wetu watatu.

Safu ya kulia: mimi. Picha moja toka juu hadi chini. Kofia nyeusi, shati la batiki, macho yanatazama mbali kama ya mtu anayeona yajayo. Chini yake nimeandika: "Sukamdi. Miaka tisa ya utumishi bila kuchoka. Wakati wake umefika."

Nilipoisoma kwa sauti, chozi lilinilenga.

Programu inakuruhusu kukipa kila kisanduku jina, usije ukapotea. Changu nimekiita "Mimi mkubwa". Cha shemeji, "Kuncoro mdogo". Baada ya chakula nikaona bado anaonekana. Nikatengeneza kingine: "Kuncoro mdogo zaidi".

Jumamosi, 10 Agosti

Warsini ameniuliza kama nimeitazama kwenye simu. Ati siku hizi watu wote wanatazama kwenye simu. Nikamjibu kwamba watu wenye heshima zao hutazama kwenye kompyuta. Simu yangu mimi ni ya kubonyeza, inapiga na kupokea, na sijawahi kupungukiwa na kitu.

Saa kumi na moja jioni nimebonyeza "Chapisha". Nikawatumia kiungo wanachama wote mia moja na arobaini. Saa moja ikapita. Saa mbili. Hakuna aliyejibu hata neno.

Wamepigwa na bumbuwazi.

Jumapili, 11 Agosti

Yarabi! Niandike kwa utaratibu.

Alfajiri tumbo likanishika, furaha ya jana. Nikakosa msikiti. Nipo chooni, kipaza sauti kikatangaza msiba. Innalillahi, nikaitikia. Marehemu anaitwa Sukamdi. Maskini, jina kama langu. Alikuwa katibu wa chama cha ndege. Ala! Kama chetu. Anazikwa leo kutoka nyumbani kwake, nyuma ya kiwanda cha tofali.

Nyuma ya kiwanda cha tofali ni kwangu!

Nikatoka mbio na taulo kiunoni. Mlangoni nikakutana na jirani, Mama Ngatinah, kashika trei ya mayai ya rambirambi. Aliponiona, mayai yote chini. Nyuma yake vijana wa mtaa walikuwa wameshaanza kusimamisha turubai. Mmoja, bila kuinua uso, akaniambia, "Samahani mzee, sogea kidogo, nguzo ya marehemu inapita hapo."

Nikampokonya Warsini simu yake. Kumbe kwenye simu safu mbili hugeuka moja! Ya kushoto inakuja yote kwanza, ya kulia inafuata chini yake. Juu kabisa: Kuncoro, katanuka, kajaa kioo kizima kama mgombea urais. Kisha ratiba. Kisha matokeo. Kisha "Waliotutangulia Mbele ya Haki": mzee Harjo, mzee Tugiman, mzee Wiryo. Halafu mimi, na kofia yangu nyeusi. Miaka tisa ya utumishi bila kuchoka. Wakati wake umefika.

Kufika adhuhuri waombolezaji walikuwa arobaini, na hakuna aliyekubali kuondoka kabla ya kula. Ndipo akaingia Kuncoro. Alikuwa mjini Semarang, mwamuzi kwenye mashindano makubwa. Kaacha kila kitu, kapanda pikipiki, zaidi ya kilomita mia, macho mekundu kama pilipili. Akanishika mabega. Akanibonyeza mashavu.

"Shemeji, unapumua?"

"Napumua."

"Sasa mbona kwenye simu umekufa?"

Akaanza kulia upya, safari hii kwa furaha. Akasema wakati anaupita mji wa Salatiga njiani alimwapia Mungu jambo kubwa kunihusu mimi. Ataniambia tukishatulia. Niliguswa. Kwa kweli niliguswa.

Kisha akauliza nani kafanya unyama huu. Nikasema wadukuzi. Lilinitoka tu. Kuncoro akawaka. Akaapa atawatafuta mpaka awapate, akaketi kwenye kompyuta yangu kutafuta ushahidi. Ukurasa wa kazi nilikuwa nimeuacha wazi. Pembeni ipo orodha ya visanduku. Akaisoma kwa sauti, polepole, mbele ya waombolezaji wote.

"Mimi mkubwa. Kuncoro mdogo. Kuncoro mdogo... zaidi."

Akavaa helmeti. Akaondoka bila kugusa chai.

Jumanne, 13 Agosti

Tangu juzi Warsini ameniambia sentensi moja tu: "Nenda kamwombe kaka yangu radhi, miguu unayo." Kwa Kuncoro ni vichochoro viwili kutoka hapa. Lakini mtu wa mtandao huomba radhi mtandaoni.

Ule muundo wa harusi una fremu mbili za mviringo, sawa kwa sawa. Moja nimemweka Kuncoro, nyingine nimejiweka mimi. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Juu nimeandika: "Pamoja Daima". Kwenye kompyuta imetulia, inapendeza. Nilitaka kuitazama kwenye simu safari hii, lakini Warsini amekataa kunipa yake. Nimechapisha.

Jumatano, 14 Agosti

Kulikuwa na moyo. Mwekundu, unaodunda. Kwenye kompyuta ulikuwa umejificha nyuma ya picha. Kwenye simu umetokeza katikati yetu, na njiwa wawili juu yake. Chini kuna kitufe nilichosahau kukiondoa: "Thibitisha kuhudhuria".

Mpaka mchana watu themanini na saba wamethibitisha.

Muuza supu kaniuliza mahari anatoa nani. Wale vijana wa turubai wamepita kuuliza kama walirudishe.

Jioni Warsini karudi kutoka kwa kaka yake, anajifuta machozi ya kicheko. Ati Kuncoro kacheka mpaka akalala sakafuni. Ati amenisamehe. Ati anauliza kati yetu ni nani atakuwa anapika.

Amenisamehe? Mtu aliyeitwa mdogo zaidi mbele ya watu arobaini hasamehi kwa siku tatu. Hapa pana mtego.

Ijumaa, 16 Agosti

Nilipendekeza kura zipigwe kwenye tovuti. Nilitarajia upinzani. Kuncoro ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniunga mkono! Akasema tovuti imewaliza watu, imewachekesha, sasa ifanye kazi. Anajiamini mno huyu.

Nimekokota vitufe viwili. Cha kijani, Kuncoro. Cha njano, Sukamdi. Kila kitufe unakifunga kwenye hesabu yake.

Halafu nikakaa, nikawaza. Wengi watambonyeza Kuncoro. Hilo halina ubishi. Je, kitufe chake nikikifunga kwenye hesabu yangu, na changu nikakifunga kwenye yake? Wengi wanakuwa wangu. Na hakuna aliyeibiwa! Kila kura inahesabiwa, zimebadilishana makazi tu.

Nimejaribu kwenye simu ya Warsini. Nilimwambia nimejirekebisha, sasa kila kitu nakagua kwanza. Alifurahi, akanipikia supu ya mkia. Vitufe vinafanya kazi barabara.

Jumamosi, 17 Agosti

Sikukuu ya Uhuru. Mashindano ya kula biskuti kubwa za unga wa uduvi zinazoning'inia kwenye uzi, mikono nyuma. Msimamizi amenipanga ubavuni kwa Kuncoro. Ya kwake ikaisha, akanigeukia, kidevu kimejaa makombo. "Shemeji, kesho utafurahi."

Yangu ikanianguka. Mtu anayekuahidi furaha siku moja kabla ya uchaguzi ana kisu kiunoni. Heri nilivibadilisha vile vitufe.

Jumapili, 18 Agosti

Walikuja wanachama mia moja ishirini na mmoja. Vizimba vimetundikwa, ndege wanaimba, anga safi. Kura yangu nimeipiga mapema: nimebonyeza Kuncoro, kwa mikono miwili.

Kuncoro akashika kipaza sauti. Nikajiandaa kwa matusi.

Akasema: "Jumapili iliyopita nilipoambiwa shemeji yangu amefariki, niliona dunia imenigeuka. Miaka tisa anatuhudumia, mimi namtania tu. Nikamwapia Mungu, nikimkuta hai, kiti ni chake. Haya, nimemkuta hai. Kaniita mdogo. Kaniita mdogo zaidi. Kanioa bila idhini ya mke wangu." Watu wakavunjika mbavu. "Lakini kiapo ni kiapo. Anayenipenda mimi, ambonyeze Sukamdi!"

Makofi! Miluzi! Simu zikatoka mifukoni zote kwa mpigo.

Nikasimama kwenye kiti. Nikapiga kelele wasubiri, tupige kura za mikono. Kuncoro akanishusha taratibu. "Shemeji, acha unyenyekevu." Nikasema mtandao leo mbovu, tuahirishe. Mtu wa nyuma akajibu kwamba kwake unakwenda kama mshale. Nikataka kusema ukweli. Wallahi nilitaka. Ulifika hapa, kooni, nikauona uso wa Warsini, unang'aa kwa kunionea fahari. Ukweli ukarudi tumboni.

Matokeo yakaonyeshwa kwenye pazia jeupe.

Kuncoro, 112. Sukamdi, 9.

Wale tisa walikuwa wakaidi wanane, na mimi.

Kuncoro akanikumbatia, analia kuliko siku ya msiba wangu. Akaninong'oneza kwamba binadamu wabaya, mbele yako makofi, kwenye kitufe kisu. Nikamwambia ndivyo walivyo.

Jumatatu, 19 Agosti

Tangu asubuhi wanachama wanamiminika. Kila mmoja anaapa, mkono kifuani, kwamba alinibonyeza mimi. Kila mmoja ana orodha ya anaowashuku. Ndugu wawili wa damu hawasemeshani. Mweka hazina ametishia kujiuzulu kwa aibu ya wenzake. Kuncoro anakwenda nyumba kwa nyumba kuwasuta wasaliti, na kwa kuwa hampati hata mmoja anayekiri, anasema huu ni unafiki ambao hajapata kuuona.

Nawapokea wote. Nawasamehe. Wanasema nina moyo wa bahari.

Walipoondoka Warsini akaniuliza, taratibu tu, vile vitufe nilivifunga mwenyewe? Nikamwambia mtandao una mambo yake. Akaenda jikoni. Nikamsikia anacheka peke yake, kicheko kirefu, kinakatika halafu kinaanza upya.

Jioni kapita mkuu wa mtaa. Kamati ya maji inataka tovuti, na mwenyekiti wake achaguliwe humohumo. Mwenyekiti wa sasa ni Bi Sumirah, kipenzi cha kila nyumba. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi, ingawa tulikuwa wawili tu.

Kosa langu sasa nalijua. Nilivibadilisha vitufe mara moja, nikaridhika. Uzembe huo! Safari hii nitavibadilisha mara mbili, kwa uhakika.