Risala ya Mama Mkwe na Kikohozi cha Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anastaafu ukunga Jumamosi. Anatafutwa mtu wa kusoma risala ya familia. Wifi yangu anajiona ameshachaguliwa, eti kwa sababu ni mwalimu. Nikanyoosha mkono kabla hajameza mate! Miaka yote mama mkwe ananiona fundi cherehani tu, wa kupunguza suruali za watu. Safari hii atanisikia.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma mbele ya familia. Ukurasa mzima kwa pumzi moja. Baba mkwe akauliza nani ananikimbiza. Wifi akasema penye mkato unavuta pumzi, penye nukta unatua, hata mtoto wa chekechea anajua. Najua! Ila vidude vyenyewe sivioni bila miwani, na miwani sivai. Nionekane bibi kizee mbele ya wifi? Thubutu! Nimepewa hadi Ijumaa nijirekebishe, la sivyo risala ni yake.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa imepatikana. Mume wangu atakaa mbele na nakala yake. Penye mkato, akohoe mara moja. Penye nukta, mara mbili. Akasema huo ni upuuzi. Nikamuuliza chakula cha jioni anakula kwa nani. Akakohoa vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi
Majaribio. Nimetua kama mtangazaji wa redio! Baba mkwe kapiga makofi. Wifi kanuna, kisha akamshauri kaka yake anywe asali.

Jumamosi, 8 Machi
Ole wangu! Ukumbi ulifagiwa dakika ya mwisho, vumbi tele. Nafungua mdomo tu, watu wote wakaanza kukohoa. Nikasoma neno, nikatua. Neno jingine, nikatua tena. Mzee mmoja kule nyuma akashikwa na kifua hasa, nikasimama kimya nikimsubiri amalize. Kumbe wanadhani machozi yamenikaba! Wakunga wakaanza kulia. Mama mkwe akainuka, akanikumbatia mbele ya wote, akasema hajawahi kusomewa kitu kwa moyo namna ile. Hata wifi alikuwa anafuta macho. Nikalia na mimi, kwa furaha ya kweli.

Jumapili, 9 Machi
Wakunga wananitaka niwasomee risala yao mwezi ujao. Wifi amekuja kwa upole, akajitolea kunifundisha kutua. Wivu huo! Nimemshukuru na kumsindikiza mpaka mlangoni. Kisha nikawaomba wakunga waniandikie risala isiyo na nukta wala mkato hata mmoja. Msomaji wa kiwango changu havihitaji.