Uzi, Ramani na Ndege ya Shangazi

Jumatano, tarehe 3
Shangazi anakuja Jumamosi, kwa ndege! Anatafuta msimamizi wa saluni yake ya kunyolea ya hapa mjini kwetu. Kasema atakayempokea uwanjani ndiye watakayezungumza naye habari za kazi njiani. Na Shangazi hajui kungoja. Wagombea ni wawili: mimi na Kobe, mtoto wa baba mdogo, mtu anayekunywa chai kama anaitafuna.

Picha ya tiketi katuma kwangu tu. Ndege inaondoka saa nne asubuhi, inatua saa nne asubuhi. Ajabu! Hata nzi akitoka dirishani kwenda mezani hutumia muda.

Alhamisi, tarehe 4
Nimechukua uzi wa mke wangu na ramani ya mtoto. Nimepima uwanja hadi uwanja: kilometa mia saba na ushei. Mwendo wa saa moja. Basi ndege inatua saa tano, na aliyeandika tiketi alikuwa anasinzia. Mke wangu akasema saa za kule zimetangulia zetu kwa saa moja. Nikamjibu jua ni moja. Akaomba arudishiwe uzi wake.

Ijumaa, tarehe 5
Kobe kauliza ndege inatua saa ngapi. Saa tatu, nikamwambia! Akae wee, achoke, arudi zake, kisha mimi niingie kama bwana harusi. Akasema ahsante, kaka. Karibu nimwonee huruma.

Mke wangu akanikumbusha kuwa njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia nimeipima, ni kilometa mia saba.

Jumamosi, tarehe 6
Nilivaa tai ya jirani. Nilifika uwanjani saa tano kasoro robo, natabasamu. Kimya! Mfagizi kasema abiria wa ndege hiyo wameshaondoka zamani.

Nikarudi nyumbani mbio. Shangazi kavua viatu, anakula. Kobe kavaa funguo za saluni shingoni. Shangazi hamalizi kumsifu: kijana kafika saa nzima kabla ya ndege! Kobe, kwa upole wake ule wa kuudhi, akasema kaka ndiye aliyemshauri. Shangazi akanigeukia, akauliza mshauri mwenyewe alikuwa wapi. Nikasema nilikuwa namjaribu Kobe. Akasema basi kafaulu.

Roho imeniuma hadi nimeshindwa kula. Nilikula kidogo tu, sahani mbili.

Jumapili, tarehe 7
Shangazi anarudi kesho. Tiketi inasema saa nne hadi saa sita. Kuja hakuna muda, kurudi saa mbili! Nadhani kule ni mlimani. Mke wangu kaanza tena habari za saa za kule. Nimetoka nje.

Nina mpango. Saa tano na nusu, Shangazi akiwa bado mawinguni, nampigia mumewe simu. Nitamchongea Kobe vizuri, mzee amgeuze mkewe mawazo akitua tu.

Jumatatu, tarehe 8
Nimepiga. Simu ilipopokelewa sikungoja hata salamu. Nikasema Kobe ni mvivu, mlafi, tena mkono wake mwepesi kwenye droo. Nikaomba Shangazi asijue niliyesema ni mimi.

Aliyepokea ni Shangazi. Mumewe alikuwa anaendesha gari, wanatoka uwanjani.

Kasema kuanzia kesho nitafagia nywele saluni, chini ya Kobe.

Nimekaa nikafikiri kwa kina, na kosa nimelipata: uzi ule ulikuwa umekunjamana. Kesho nanunua mpya.