Maji ya Kasha Yamepimwa

Katika mtaa mzima wa Kasha, kule mlimani, hakuna aliyejua kusoma karatasi za serikali kama Maman Domitille. Alisema hivyo mwenyewe, tena kwa sauti, halafu akakubali kwamba darasa la tano alilirudia mara mbili na kwamba karatasi aliyoletewa asubuhi hiyo alikuwa ameishika kichwa chini.

Ilipogeuzwa, ilitangaza jambo kubwa: vita havijaisimamisha Idara ya Maji. Mwezi huu wa 1999 nyumba ya Domitille imekunywa mita kibiki mia tatu, yaani bidon elfu kumi na tano za lita ishirini. Asipolipa kufikia Ijumaa, itabebwa cherehani yake. Cherehani hiyo ndiyo iliyolisha wajukuu sita tangu vita vya kwanza, vile vya 1996. Robine yenyewe, bomba la nyumbani, tangu vita hivyo haijatema hata tone.

Alishuka kwa miguu mpaka biro ya idara, kule Ibanda mjini. Shefu wa Malalamiko, Papa Floribert, alimweleza kwa upole. Kwa ajili ya usalama mdogo, wapimaji hawapandi tena Kasha, kwa hiyo maji yanakadiriwa. Vita vinaleta woga, woga unakausha koo, koo kavu linakunywa. Idara imezidisha mara kumi. Mitaa iliyoporwa mara mbili imezidishiwa mara ishirini, kwa heshima yao.

"Lakini robine iko mukavu, Papa Shefu."

"Leta ushahidi, maman. Chupa moja ya mayi ya robine yako, tuipime. Chupa tupu hatupokei."

Domitille alirudi akiwaza. Bidon ya maji ya mtoni ilikuwa ya watoto. Hakuwa mjinga wa kuipelekea serikali. Akapita kwa jirani yake Adolphine, anayepika kanyanga, ile pombe nyeupe kama maji, inayowaka ukiisogezea kiberiti, akajaziwa chupa. Akaipiga kizibo, akaipeleka.

Alhamisi aliitwa. Foleni ilifika mpaka mlangoni, na mlangoni alisimama askari wa wale waliokuwa wanatawala mji mwaka ule. Shefu alisoma cheti chenye mihuri minne: maji ya Kasha yamepimwa siku tatu katika maabara, hayana rangi, hayana harufu, yametoka kwenye bomba la idara. Kwa hiyo robine inafanya kazi. Kesho cherehani itabebwa.

Chupa ilikuwa mezani, kizibo hakijaguswa.

Domitille aliuliza nani aliyeionja.

"Miye mwenyewe," Shefu alisema. "Mayi tamu, ya baridi."

Domitille akang'oa kizibo. Harufu ikafika kwenye foleni, watu wakaacha kusukumana. Ikafika mlangoni. Askari akaingia, akapiga funda moja, akafumba macho, akapiga la pili.

"Shefu, hii inatoka kwenye bomba yenu?"

Shefu akakohoa, akasema cheti ni cheti.

"Basi mutuvutie iyo bomba mupaka kambini. Leo, mbele ya jua kuzama. Bakubwa batafurahi. Isipofika, utakuja kubaelezea wewe mwenyewe."

Shefu alitazama bunduki, akatazama mihuri yake minne. Mihuri haikumsaidia kitu.

"Kasha hakuna mayi," akasema polepole. "Na maabara hatuna."

Domitille akamsogezea kalamu ya bic na ile karatasi ya deni.

"Andika vile, Papa. Na cachet ya tano, muhuri ile, funika nayo pale pa cherehani."