Kilo Kumi za Waya na Kiti cha Kushoto

Husna Uwesu (Mama Sabaha),
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge,
Mchafukoge, Ilala.

Kwa Katibu,
Klabu ya Mbio za Vumbi,
Posta, Dar es Salaam.

YAH: KUOMBA WAYA ZA GARI LETU ZIRUDISHWE, PAMOJA NA MIMI

Ndugu Katibu, Mzee Abdulatif, shikamoo.

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Barua hii ilitakiwa ikufikie tangu mwezi wa pili. Ya kwanza mwanangu Sabaha aliitapikia. Ya pili aliila pembeni, nikaona bora asiendelee. Ya tatu niliifikisha hadi kwenye salamu za mwisho, nikaenda kuepua uji, niliporudi nikakuta mume wangu amechora nyuma yake ramani mpya ya umeme wa gari. Ilikuwa na waya tatu tu. Hii ni ya nne, naiandikia juu ya friji, mahali ambapo mtoto hafiki na baba yake hatazami.

Kichwa cha barua kinajieleza, ila na mimi nijieleze. Mume wangu ni Hafidhi, mwanachama wako, fundi umeme wa magari pale Gerezani. Gari letu ni ile Starlet nyeupe. Kwa miaka mitatu yeye ameendesha na mimi nimekaa kiti cha kushoto nikimsomea ramani: kona kali, tuta, daraja, punguza. Tumeshika nafasi ya nne mara mbili, na ya tatu mara moja, siku ambayo waliokuwa mbele yetu walikwama kwenye tope. Nilishuka kwenye kiti hicho nikiwa na mimba ya miezi mitano, kwa makubaliano kwamba kitanisubiri. Sasa mtoto ana miezi tisa, mbio za Kisarawe ni mwezi ujao, na kiti changu kimeahidiwa mtu mwingine kwa sababu ya uzito.

Hilo ndilo linaloniuma. Mengine yote nitakayoyataja ni njia ya kufika hapo, na yote yalianza na ule waraka wako uliowataka wanachama wapunguze uzito wa magari, hususan vifaa vya umeme visivyo vya lazima, na kila kitakachotolewa kiletwe ofisini kikae kwenye boksi kama ushahidi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Redio. Redio sikuilalamikia. Naiweka hapa ili uone kuwa mimi si mtu wa kulalamika.

2. Honi. Baba Sabaha alisema honi na waya zake ni robo tatu ya kilo, na kwamba porini hakuna wa kupigiwa honi. Kweli. Lakini gari hilo hilo ndilo linalotupeleka kila mahali, na sisi hatukai porini, tunakaa hatua chache kutoka Kariakoo. Nilipomuuliza tutapitaje kwenye msongamano wa pale sokoni, alinitazama kwa upendo akasema, "Mama Sabaha, wewe una sauti." Tangu hapo mimi ndiye honi. Natoa kichwa dirishani nasema pisha, pisha jamani, samahani baba, pisha. Juzi msukuma mkokoteni mmoja mwenye magunia kumi alinijibu, "Dada, kama una haraka shuka usukume kama sisi." Honi ya kweli haijibiwi.

3. Vioo. Alitoa mota za vioo, swichi zake na waya zote za milangoni. Vioo vikabaki chini. Siku ya pili akavitoa na vyenyewe, akasema kioo kisichopanda ni mzigo. Mvua ya mwezi wa nne ikatukuta tunaenda harusini. Mama mkwe wangu, Bi Anifa, tunayeishi naye, alikuwa kiti cha nyuma (kiti hicho hakijatolewa kwa sababu ni cha mama yake, na uzito wa mama hauhesabiwi). Baba Sabaha akampa mwavuli. Tukafika harusini gari lina paa, chini ya paa kuna mwavuli, na chini ya mwavuli kuna Bi Anifa anasema, "Hafidhi, nilikuzaa una akili. Nazo umezipeleka Posta?" Watu wakatoka na sahani zao kututazama.

4. Indiketa. Hapa naomba unisome taratibu. Sabaha halali mchana kwa kubembelezwa, wala kwa ziwa. Analala kwa mlio wa indiketa. Tuligundua siku tuliyomtoa hospitali, tumekwama kwenye foleni ya pale Fire tukisubiri kukata kulia: tik, tak, tik, tak, akafumba macho. Toka siku hiyo kila mchana nilishuka naye chini, nikakaa kwenye gari lililosimama, nikawasha indiketa, na sote wawili tukalala dakika arobaini. Zilikuwa dakika zangu pekee kwa siku nzima. Kinachotoa mlio huo ni kidude kinaitwa rilei, kikubwa kama kiberiti, hakifiki hata gramu hamsini. Kimo ndani ya boksi lako. Nimejaribu kutoa mlio ule kwa mdomo. Mtoto ananitazama tu, kama msimamizi wa mtihani. Na barabarani sasa natoa mkono dirishani kuonyesha tunakokata. Askari wa pale makutano alinipungia na yeye, halafu akaniuliza, "Mama, unamuaga nani?"

5. Nyumba. Waraka wako haukusema uishie garini, na mume wangu ni mtu mtiifu. Ametoa kengele ya mlangoni, kwa kuwa wageni wana mikono. Ametoa taa ya ndani ya friji, kwa kuwa tunajua maziwa yanapokaa. Nilipomwambia kwamba nyumba yetu haishindani na mtu, alisema haya ni mazoezi. Jana nimemkuta amesimama, mikono kiunoni, anaitazama feni.

6. Mzani. Waya zilipokwisha akaja kwa watu. Nilipelekwa Kariakoo kwa Hamis, anayeuza vitunguu vya jumla, nikapandishwa kwenye mzani wa magunia mbele ya wateja. Mtoto nilimshusha kwanza, na aliyeniambia nimshushe ni Hamis, si mume wangu. Mzani ukasoma kilo sabini na tisa. Mchukuzi mmoja akasema, "Hii lumbesa." Yaani gunia lililojazwa kupita mdomo.

Ndugu Katibu, mtaani kwetu hata mtoto wa darasa la pili anaujua mzani wa Hamis. Ukinunua kilo sita, unafika nyumbani na tano. Sote tunajua, tunapiga hesabu kichwani na tunaendelea kwenda, kwa sababu vitunguu vyake havina mfano. Baba Sabaha mwenyewe akinunua vitunguu hugombana na mzani ule mpaka jasho linamtoka. Siku aliponipima mimi, akauamini. Wiki hiyo hiyo Nesi Clotilda wa kliniki ya watoto alinipima: kilo sitini na sita. Na zile kilo kumi na mbili za waya ulizoandikiwa kwenye fomu, nazo zilipimwa kwa Hamis. Ni kumi. Mbili ni za Hamis.

7. Beno. Huyu ndiye aliyepewa kiti changu. Ni rafiki wa mume wangu, anauza viatu vya mtumba Mchikichini, mtu mzuri, mwembamba, sina ugomvi naye. Lakini Beno ni mtu wa mjini. Ukimuuliza njia anakuelekeza kwa watu: nenda mpaka kwa mama muuza chai, ukimwona fundi cherehani kata. Walikwenda kujaribu siku moja kwenye barabara ya vumbi. Beno alishika daftari langu, lenye kona zote nilizoziandika kwa mkono wangu, kila moja na namba yake, na badala ya kulisoma akasema, "Kanyaga, kanyaga, eeh, kata pale tulipomwona yule jamaa wa mkaa." Jamaa wa mkaa alikuwa ameshauza mkaa wake amekwenda zake nyumbani. Waliingia kwenye shamba la mihogo. Kona za msituni, Ndugu Katibu, hazina muuza chai.

Sasa tazama hesabu hii inakoelekea. Honi ilitoka, vioo vikatoka, indiketa ikatoka, mke akatoka. Kesho itakuwa breki, maana nayo kazi yake ni kuchelewesha. Kwa mwendo huu gari jepesi kuliko yote ni lile lisilokuwepo, nalo halitashika hata nafasi ya nne. Baba Sabaha husema gari linahitaji mambo matatu tu: liwake, linywe mafuta, lizimike. Nimeishi naye miaka mitano. Nakuambia hata yeye mwenyewe anahitaji zaidi ya hayo.

Simsemi vibaya. Jioni akirudi, mikono ile iliyoshinda ikikata waya ndiyo inayomwogesha mtoto, na haijawahi kumtia sabuni machoni. Mimi huwa namtia. Lakini upendo ni kitu kimoja na kiti ni kingine, na kiti cha kushoto ni changu.

Kwa hiyo naiomba Klabu itoe amri kwamba kila gari lirudishiwe waya zake zote, hata za redio. Kwamba ni marufuku binadamu kupimwa kwenye mzani wa vitunguu. Na kwamba msoma ramani ni kifaa cha lazima kama usukani, hatolewi bila idhini yake.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, na yule mlinzi wa getini aliyenipa kiti chake siku nilipokuja nikaambiwa umetoka. Msalimie mama watoto wako. Beno msalimie pia akija kuchukua fomu, sina kinyongo. Bi Anifa anakusalimia, ila amesema salamu zake uzipokee ukiwa umekaa.

Wako anayesubiri akiwa amesimama,
Husna Uwesu, Mama Sabaha.

Nyongeza. Barua hii imekaa siku sita kwa kukosa bahasha, na katika siku hizo yametokea mambo mawili.

Alhamisi Baba Sabaha alitusindikiza kliniki. Nesi Clotilda alipokwisha kumpima mtoto akamwambia, "Na wewe baba, panda." Alipanda akicheka. Kwenye fomu yako, Ndugu Katibu, ameandika kilo sabini. Ndizo alizopimwa mwaka aliochukua leseni, kabla hajaanza kula chakula changu. Mzani wa kliniki ulisema tisini na nne. Akashuka, akavua viatu, akavua saa, akapanda tena. Tisini na nne. Njia nzima ya kurudi hakusema neno kuhusu uzito wa mtu yeyote.

Jumapili asubuhi nilimwachia mtoto, nikachukua gari kwenda Posta kumnunulia Bi Anifa dawa. Posta siku ya Jumapili hakuna mtu. Niligusa mafuta kidogo tu, gari likaondoka kama limeitwa na mama yake. Nilizunguka mara ya kwanza kwa kutoamini, mara ya pili kwa kuhakikisha, na mara ya tatu siwezi kukueleza kwa nini. Duka la dawa nililipita mara zote tatu. Nilitamani kupiga honi kwa furaha, nikakumbuka kuwa honi ni mimi, nikapiga.

Kumbe waraka wako ulikuwa wa haki tupu. Waya zilikuwa zinatuchelewesha, ila zilikuwa kilo kumi tu. Kati yangu na aliyekuwa anashika usukani kuna kilo ishirini na nane.

Naomba basi uyafute malalamiko yangu la kwanza hadi la saba, pamoja na amri zote nilizoomba, na badala yake unitumie kabla ya Ijumaa:

Fomu ya dereva, moja.

Fomu ya msoma ramani, moja. Ni ya Bi Anifa. Kilo hamsini na mbili kwa mzani wa kliniki, macho yake na miwani ni mazima, na kwa miaka mitano ametuambia pa kukata bila kuulizwa.

Helmeti mbili, zote pana, zipite juu ya ushungi.

Honi, redio, mota za vioo na waya zote zibaki huko huko kwenye boksi, na boksi lifungwe kamba.

Na ile rilei ya indiketa, itoe kabla hujafunga. Si ya garini. Baba Sabaha ataiunga kwenye betri hapa nyumbani, maana siku ya mbio yeye ndiye atakayebaki kumlaza mtoto.