Vita vya Alama Moja Sebuleni kwa Shangazi

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mnaochambua mboga wekeni visu chini, niwasimulie habari kuu ya Fundi Cherehani, bingwa wa mapindo, mfalme wa vifungo, mtu ambaye zipu korofi hujirekebisha zikimwona, na jinsi alivyoingia sebuleni kwa shangazi yake siku tisa kabla ya uchaguzi. Mwenye haraka na aende zake, maana habari hii haisikilizwi kwa mguu mmoja mlangoni.

Fundi alikuwa amehudhuria semina ya siku moja ya kuelimisha wapiga kura. Alirejea na kofia, kalamu, na furushi la karatasi za mfano zenye wagombea wanne wa kujifunzia: Kikombe, Kiti, Mwavuli na Ufagio. Akaufundisha mtaa mzima, hata muuza mkaa asiyesikia la mtu. Ikabaki ngome moja, nayo ni Shangazi, mwanamke ambaye tangu azaliwe hajapata kumnyima mtu jambo usoni pake.

Basi akaikunjua karatasi mezani kwa taadhima, akamkabidhi kalamu. Shangazi akavaa miwani. Akamwekea Kikombe alama ya vema. Akamwekea Kiti. Akawawekea Mwavuli na Ufagio, kisha akarudisha kalamu, roho yake kwatu.

Fundi, jasho likimtoka, akauliza kulikoni.

"Mwanangu, kikombe nakinywea kila siku," akasema Shangazi. "Kiti nimekikalia sasa hivi. Mwavuli umenivusha masika mangapi? Na ufagio nikiunyima, kesho nitaushika kwa uso gani? Mimi huwapigia wote. Hata wale wa kweli, wote walikuja hapa kunisalimia."

Ole wake shujaa! Alikuja kupigana na ujinga, akakutana na adabu. Akashambulia tena kwa karatasi ya pili, na Shangazi akampa Kiti alama kubwa, wengine vialama vidogo vya kuwapoza. Ya tatu nayo ikaangamia vivyo hivyo, na chai ikapoa bila kuguswa.

Ndipo Fundi akavua kofia.

"Shangazi, nisamehe. Karatasi yenye alama zaidi ya moja haihesabiwi. Inawekwa kando na zilizoharibika."

Shangazi akavua miwani. Akauliza, taratibu, kama ilikuwa hivyo hata chaguzi zilizopita. Fundi akakiri kwamba ndivyo. Zilikuwa chaguzi nne, na zote Shangazi alipanga foleni tangu alfajiri, amevaa gauni lake la heshima.

"Kwa hiyo miaka ishirini yote," akasema, "nilikuwa nakwenda pale, na sijasema kitu."

Fundi, ambaye hakuna kitambaa kilichopata kumtisha, akaikunjakunja kofia yake mkononi. Ilimuuma kwelikweli.

Lakini Shangazi akaivuta karatasi ya nne, akawasimamisha wagombea kizimbani mmoja mmoja. Akataka kujua Kikombe kitamfaa nini paa likivuja, na Ufagio ulikuwa wapi mtaro ulipoziba. Fundi akawajibia wote wanne huku akijikanyaga kwa maneno. Kiti kilipoulizwa kuhusu mguu wake uliolegea mwaka wa pili sasa, kikaomba muda wa kujitetea, naye Shangazi akakinyima. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumnyima mtu, na hakuonekana kujuta.

Kisha akaikinga karatasi kwa mkono. Fundi akaukodolea macho ule mkono, akahesabu mkwaruzo wa kalamu: mmoja. Akangoja wa pili. Haukuja. Shangazi akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kifuani.

"Umemchagua nani, Shangazi?"

"Hayo hayakuhusu, mwanangu. Kunywa chai."

Basi wanaoandika ya wafalme na waandike na haya: kwamba saa kumi na dakika ishirini alasiri, juu ya meza ya plastiki, palipigwa alama moja, moja tu, na aliyeipiga alijua kwa nini.