Mtamba Nyuma ya Jeneza

Mambo yalimharibikia Vedasto siku ya Saba Saba, Jumapili, mwaka elfu mbili ishirini na nne, pale uwanja wa Igalula, jua likiwa linashuka, wakati timu yake ilipofunga goli na refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Wapo watu ambao timu yao ikishinda hula pilau. Vedasto, timu yake iliposhinda, alikula kofia. Aliivua kichwani, akaikunja, akaing'ata kwa magego ya pande zote mbili ili sauti isitoke.

Timu yake ilikuwa Mizinga ya Ipole, kwao alikozaliwa, kwa warina asali. Lakini Igalula hakuna aliyelijua hilo. Igalula alikuwa amejifunga skafu ya bluu ya Stesheni, timu ya wenyeji, na amekaa bega kwa bega na Mzee Ambrosi, mwenyekiti wa mashabiki wa Stesheni. Mbele yao vijana wa Ipole walikuwa wanarukiana kama kumbikumbi baada ya mvua. Machozi ya furaha yakaanza kumtoka Vedasto. Hayakung'atika kama kofia.

Mzee Ambrosi akamtazama, akamwekea mkono begani.

"Usilie hivyo, kijana. Umetupenda kuliko tulivyojipenda wenyewe."

"Inauma, mzee," alisema Vedasto ndani ya kofia.

"Najua inauma. Lakini ukimaliza kulia, mtamba wangu nitamchukua leo leo."

Hapo machozi yakawa ya kweli.

Habari ya mtamba ilianzia kwa Koleta. Koleta ni Mgogo wa upande wa Manyoni, mjane, mwenye kibanda cha chakula karibu na stesheni. Ugali wake na mlenda wake vimewahi kumfanya abiria aachwe na treni na asijute. Vedasto alitaka kumwoa. Mwanamume anayejipikia anajua njaa mbili, na Vedasto alikuwa amejipikia miaka mingi. Alimwambia Koleta hivyo kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, na kwa Kigogo cha kubahatisha. Koleta alikuwa na jibu moja.

"Mjomba wangu wa Manyoni hasikii maneno, mtani. Anasikia kengele ya ng'ombe."

Vedasto hakuwa na ng'ombe wala kengele. Alikuwa na mdomo. Kwa mdomo huo amewahi kuuza kiwanja kilicho katikati ya mto, na dawa ya panya ambayo panya waliila wakanenepa. Lakini ng'ombe hajawahi kumpata, maana ng'ombe si kitu cha kutia mfukoni ukaondoka unapiga mluzi.

Ndipo siku moja, amekaa kwenye benchi la Koleta, akamwona Mzee Ambrosi anakuja na uso wa mtu aliyeahidiwa kitu. Ni uso tunaoujua, kila baada ya miaka mitano tunautembeza nchi nzima. Diwani alikuwa amepita na gari, akasimama juu ya kiti, akapigwa picha, akatangaza kwamba mechi ya Saba Saba mshindi atapewa fahali. Barabara aliyopita nayo aliiahidi mwaka wa uchaguzi. Zahanati nayo. Mlango wa zahanati upo, dawa ziko njiani, na wagonjwa wengine wamechoka kusubiri wakatangulia. Lakini Mzee Ambrosi alikuwa mtu wa imani.

"Shikamoo, mzee," alisema Vedasto.

"Marahaba. Fahali ataletwa kwa mwenyekiti," alisema Mzee Ambrosi, hata kabla hajakaa. "Mwenyekiti ndiye mimi. Mashabiki nitawapikia supu ya kwato."

"Na Mizinga wakishinda?"

"Lini Mizinga wamewahi kushinda?"

"Hawajawahi," alisema Vedasto, na moyo wake wa Ipole ukamchoma. "Lakini mzee, mwaka huu nasikia wamekwenda kwa nyuki."

Mzee Ambrosi akaketi haraka. Vedasto akasogea karibu, akashusha sauti kama anayetaja jina la marehemu. Akaeleza kwamba watu wa Ipole nguvu zao ziko kwenye mzinga mmoja tu, mzinga wa babu, huko porini. Mtu akiipata asali ya mzinga huo, wachezaji wa Stesheni wakailamba, basi nyuki watawakana wenyeji wao, na miguu ya Mizinga itakuwa kama ugali wa maji.

"Na nani anaweza kuipata?"

"Anapatikana. Ila hachukui pesa, mzee. Nyuki wanasikia harufu ya pesa. Anachukua kitu chenye uhai."

Mzee Ambrosi alifikiri. Alikuwa na mtamba mwekundu, mwenye kengele shingoni, karibu kupandishwa. Mtamba kwa fahali ni biashara. Wakapatana: mtamba akae kwa Koleta, mtu baki, hadi mechi iishe. Stesheni wakishinda, Vedasto atamchukua kwa niaba ya mrina huyo. Wakishindwa, anarudi kwa mzee.

Vedasto alinunua asali sokoni Tabora, akaitia kwenye dumu chakavu, akaipaka masizi. Hakuwa na wasiwasi. Stesheni kuifunga Mizinga ilikuwa kama jua kuchomoza. Lakini mpira unadunda, na goli lililoingia lilimgonga beki wa Stesheni mgongoni, akiwa ameinama kujilamba kidole. Maana asali ilikuwa tamu, na vijana walikuwa wamebaki nayo.

Basi ndiyo hivyo Vedasto akawa amekaa pale, timu yake imeshinda, fahali wa diwani yuko njiani kama dawa za zahanati, mke anampotea. Na hapo hapo mashabiki wa Mizinga wakashusha jeneza.

Jeneza lilikuwa la maboksi ya sabuni, limepakwa rangi nyeusi. Kila mwaka Mizinga walikuja nalo kwenye fuso yao wamzike mtani, na kila mwaka walirudi nalo tupu hadi Ipole. Leo walilishusha kwa heshima kama wamembeba mtemi. Wakaanza kuomboleza. "Jamani Stesheni, umetuachia nani?" Wanaume wazima wakajifunga kanga. Mmoja aligaragara chini, akainuka, akachagua mahali penye nyasi, akagaragara tena.

Vedasto alilitazama jeneza, akamtazama mzee, akautoa mdomo wake ndani ya kofia.

"Mzee, asali haikukosea. Tumefungwa na nuksi."

"Nuksi gani?"

"Sasa hivi wanaizika Stesheni ndani ya jeneza tupu. Jeneza tupu likizikwa linakwenda kumtafuta wa kulijaza. Linaanza na mwenyekiti."

Mzee Ambrosi akalitazama jeneza upya.

"Mimi ndiye niliyeleta asali," Vedasto aliendelea, sauti imemkwama vizuri. "Acha mimi niingie. Niwe maiti, niibebe aibu yetu yote hadi ng'ambo ya reli, niiache huko. Ila msiba bila ng'ombe si msiba. Mtamba wako afuate nyuma, azunguke, arudi amesafishika. Kuna mwiko mmoja tu: maiti asiseme neno. Akisema, nuksi yote inamrudia mwenye ng'ombe."

Mzee Ambrosi alijifuta macho. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuona kijana mwenye moyo kama ule, na kwa upande mmoja hakukosea.

Wakati wanakwenda kumfungua mtamba kwa Koleta, Vedasto alimvuta pembeni dereva wa fuso, Emilian, mtoto wa shangazi yake.

"Ng'ambo ya reli unanipakia mimi na ng'ombe, unawasha."

"Na huyo mzee wako?"

"Atakuwa bado anaomba."

Mizinga walifurahi kumpata mtu wa Stesheni wa kujaza jeneza lao, na msafara ukaondoka. Mbele walikwenda waombolezaji, katikati jeneza, nyuma mtamba na kengele yake, na Mzee Ambrosi ameshika kamba. Ndani ya jeneza, chini ya shuka, Vedasto alipata faragha yake ya kwanza tangu goli liingie. Akacheka. Alicheka hadi maboksi yakatikisika. Mizinga imeshinda! Miaka yote ya kutaniwa, miaka ya kuivaa skafu ya watu, leo imeisha. Mashabiki wa nje walipoona jeneza linatikisika walisema maiti wa Stesheni ana uchungu wa kweli.

Ghafla jeneza likasimama.

Koleta alikuwa amelala katikati ya njia. Amejipaka unga usoni, amevaa gunia, amejifunga mkufu wa vitunguu. Toka kwenye jiko lake alikuwa ameona jambo moja ambalo wengine hawakuliona: Emilian ameshalaza ubao wa kupandishia ng'ombe nyuma ya fuso. Na Koleta alijua kwamba mazishi hayahitaji ubao ule.

Sasa, Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akija msibani ana ruhusa. Atakaa juu ya jeneza, atachukua sufuria, atamwita marehemu mchoyo. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika ndiye atakayetozwa.

"Wanyamwezi wangu," Koleta aliomboleza, "babu zenu walibeba pembe hadi pwani, mizigo ya maana. Leo mmekosa mzigo, mmebeba mwanamume aliyeshiba ugali wangu?"

Watu wakaangua kicheko, wa Stesheni na wa Mizinga pamoja.

"Tupishe, mtani," alisema Mzee Ambrosi. "Tunatoa nuksi."

"Nitapisha. Babu zenu walipopita Ugogo walilipa hongo, ushuru wa njia, ndipo wanywe maji. Hamjasahau?"

"Hatujasahau."

"Basi mmepita mbele ya kibanda changu na maiti, wateja wamekimbia. Hongo yangu iko wapi?"

Akainuka, akaishika kamba ya mtamba.

Mzee Ambrosi aliivuta kamba mara moja. Wazee wa Igalula walikuwa wanamwangalia waone kama atamkasirikia mtani msibani. Akalegeza vidole.

Ndani ya jeneza Vedasto alisikia kengele inaondoka upande usio wake. Alijaa maneno hadi kooni. Lakini akisema neno, nuksi inamrudia mwenye ng'ombe, na huyo mwenye ng'ombe alikuwa amesimama kando ya jeneza, ana fimbo. Mwiko aliutunga mwenyewe. Akakohoa kidogo tu.

"Maiti amekohoa," alisema mtu.

"Ni hewa," alisema Koleta. "Hata marehemu mume wangu alikuwa hivyo. Pitisheni."

Wakampitisha. Ng'ambo ya reli wakampakia kama walivyoagizwa, Emilian akawasha. Fuso ilipoipita Igalula Vedasto alifumua jeneza, akasimama mikono mitupu katikati ya vijana wa Ipole. Walipomtambua kuwa ni mtoto wa Ipole wakambeba juu kwa juu, na akaimba hadi sauti ikaisha. Mtu aliyepoteza ng'ombe na mke siku moja hakutakiwa kuimba vile.

Kabla ya mvua alirudi Igalula na wazee wawili wa Ipole. Wazee walikula mlenda, wakanawa, wakasema, "Ng'ombe mmeshampokea. Tumekuja kuchukua mke wetu."

"Yule ni hongo ya njia," alisema Koleta. "Hongo haiozi mtu."

Mjomba akaitwa toka Manyoni. Alishuka kwenye treni, akaisikia kengele, akamkagua mtamba meno na miguu, akasema ng'ombe ni mzuri sana, ila haelewi ameingia kwa mlango gani. Mzee Ambrosi akasema kama ile ni mahari, basi aliyetoa ng'ombe ni yeye. Mkewe, Mama Advera, alimtazama tu. Mzee hakurudia neno hilo. Mtendaji wa kijiji alipoombwa aamue aliuliza kwanza habari ya posho ya kikao, akaambiwa hakuna, akasema suala hilo liko juu ya uwezo wake.

Kwa hiyo Vedasto amerudi kukaa Igalula na skafu ya Mizinga shingoni, waziwazi. Asubuhi anakata majani ya ng'ombe, mchana anakula kwenye benchi bila kudaiwa, jioni anarudi kulala kwake. Akimwita Koleta "mke wangu", Koleta anamwongezea mboga, halafu anamwita "mtani". Abiria wanaoshuka hapo wanasimuliwa yote, wanasahau hata treni, na kila mmoja anaondoka na swali lile lile: kwa mtamba yule, nani kamwoa nani?