Kaskazini Ndiko Juu

Jumatatu, 3 Machi 1958. Ruiru.
Kabichi za shule zinakauka. Mzee Mukonyo, mwenyekiti wa kamati, ametangaza kwamba mwalimu atakayeleta maji bustanini ndiye atakayekuwa msaidizi wa mwalimu mkuu. Nimesimama kabla ya Mwalimu Muigai. Nikaonyesha ramani: mto uko kaskazini, yaani juu; shule iko kusini, yaani chini. Tuchimbe mfereji, maji yatashuka yenyewe hadi bwawani kwetu. Muigai akauliza kwa nini yeye akitoka mtoni hupanda akihema. Nikamjibu kwamba hayo ni mapafu yake. Kicheko! Cheo ni changu.

Jumatano, 5 Machi.
Wazazi wanachimba. Nimeazima pimamaji kwa Harbans Singh, fundi wa mbao. Neno linajieleza: kitenzi “pima”, nomino “maji”. Nimekifunga chombo kamba, nikakizamisha mtoni. Kimezama chote. Nimeandika: maji yanatosha. Harbans alipoona alishika kilemba kwa mikono miwili. Akasema, “Mwalimu, hii ya kulaza juu ya ubao, kuona kama iko sawa, hapana tia majini!” Nikamsahihisha: hiki, cha kulaza. Akachukua chombo chake, akaenda.

Jumamosi, 8 Machi.
Aibu! Aibu tupu! Kamati nzima ilikuwepo. Nilivaa tai. Nikaondoa udongo wa mwisho kati ya mfereji na bwawa, nikarudi nyuma nisiloane. Maji hayakuja. Yaliondoka! Bwawa lote, akiba yetu ya mwisho ya mvua, liliteremka mtoni, pamoja na bata wawili wa Mumbi, mke wa mwenyekiti. Mama wa watu akawakimbilia akiwaita. Mzee Mukonyo aliniuliza kwa upole kama kaskazini imehama. Afadhali angenitukana. Nilitazama viatu vyangu mpaka watu wakaisha.

Jumatatu, 10 Machi.
Nimeomba radhi gwarideni, mbele ya watoto niliowafundisha ramani ile. Cheo kapewa Muigai. Amewapanga walimu wabebe maji kwa ndoo. Mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha.

Jumatano, 12 Machi.
Bado siwezi kumtazama mtu usoni. Hata hivyo, nimelitafakari kosa langu na nimelipata: mfereji ulikuwa mwembamba mno. Leo Himatlal, mwenye duka, amelalamika kwamba maji machafu yametuama uani kwake. Nimemwambia asihangaike. Barabara iko kusini mwa ua, yatashukia huko. Mkewe, Parvati, amekumbusha kwamba kutoka uani hadi barabarani hupandwa ngazi saba. Nimemweleza kwamba ngazi ni za watu. Kesho tunachimba, na safari hii mpana.